Ziwa liko mlangoni, nawe hujui kuogelea

Ujumbe ulioingia juzi kutoka Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, umeandikwa na dada wa miaka 34, mfanyabiashara wa dagaa. Mzigo wa kijiji cha Mwamgongo, ng'ambo ya safari ya boti, humlipa mtu amfuatie, kwa kuwa yeye boti hapandi. "Maji yana wenyewe," anasema. "Mimi ni mtu wa nchi kavu."

Dada yangu, kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayokula faida yako. Hakuna aliyekuandikia. Umejiandikia mwenyewe, na kila mwaka unaikazia wino.

Ziwa si la kuchezea, hilo tukubaliane. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na penye mawe mwambao wake hushuka ghafla: hatua hii maji yako kiunoni, inayofuata hukanyagi kitu. Lakini anayeogelea huogelea juu. Mita 2 na mita 1,000 kwake ni maji yale yale.

Kinachozamisha watu wengi ni pumzi. Mwenye hofu huvuta hewa fupi fupi, huibana, kisha hutupa mikono juu na kuinua kichwa. Kichwa kikipanda, miguu inashuka. Kwa hiyo usianze na mikono, anza na pumzi.

Tafuta ufukwe wa mchanga unaoshuka polepole, asubuhi kabla upepo haujaamka. Nenda na mtu anayejua kuogelea, asimame upande wa kina kirefu. Chukueni dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, na kamba ya mita 10 kwenye mpini. Dumu hilo hubeba karibu kilo 20 majini, na anayelishikilia huku kichwa tu kikiwa nje hahitaji hata nusu yake. Mwenzako akipata shida, mrushie dumu. Usimfuate kwa mikono mitupu, atakukumbatia mzame wote.

Kanga iache ufukweni. Ikilowa hushikana na miguu ikaifunga. Taiti na blauzi ya kubana vinasitiri na vinakuacha upige mateke. Na wale wanaosema mwanamke mtu mzima kuingia ziwani ni utoto, waulize mbona kuchota maji na kufua humo humo si utoto.

Maji yakiwa kiunoni, chuchumaa hadi yafike kidevuni. Vuta hewa kwa mdomo, ingiza uso, toa mapovu polepole kwa pua na mdomo ukihesabu hadi 5. Inuka, vuta, rudia mara 10. Kosa la karibu kila mtu liko hapa: anabana pumzi chini, akitoka anataka kutoa na kuvuta kwa pamoja, maji yanaingia kooni, anasema ziwa linamkataa. Mapovu yaishe chini. Juu ni kuvuta tu. Usipande hatua nyingine mpaka zoezi hili likuchoshe kwa urahisi wake, hata kama ni wiki nzima.

Kisha lala chali, kiganja cha mwenzako kikiwa chini ya mabega yako. Masikio lazima yazame, na hapo ndipo wengi hukurupuka. Tazama mbingu, jaza kifua, nyanyua tumbo, tandaza mikono. Nyonga zikishuka, ujue umekunja shingo kutazama vidole vya miguu. Ukiwahi kuelea baharini Dar es Salaam, hapa miguu itashuka zaidi. Hujasahau kitu: maji ya bahari ni mazito kwa chumvi, haya ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.

Sasa jifunze kusimama. Wengi huruka sehemu hii, na ndiyo inayovunja hofu. Ukiwa chali, vuta magoti kifuani, leta kichwa mbele, sukuma maji kwa viganja, shusha miguu. Fanya mara 20, hadi mwili uamini kwamba unarudi unapotaka. Mateke yatafuata ukiwa umeshika dumu, yakitoka nyongani, si magotini. Dakika 20 hadi 30, mara 3 kwa wiki, zinatosha.

Epuka maji yaliyotuama yenye majani, konokono wa kichocho hukaa humo. Midomo ya mito na matete waachie mamba, na popote pale waulize wavuvi kwanza.

Siku ya Mwamgongo vaa jaketi okozi hata kama unaelea vizuri, kwa kuwa kuelea karibu na mchanga si sawa na kuwa katikati ya mawimbi. Funga mikanda yote kabla boti haijaachia Kibirizi, kaa chini, katikati. Fedha ziweke kwenye kopo la kifuniko cha kukaza. Bei ya dagaa utapatana mwenyewe.