Mwani wa pakiti na rovu la mama: Nesi Mstaafu anajibu

SWALI: Shikamoo Nesi. Mama yangu yuko Makete, amevuka miaka sitini, na ana rovu tangu mimi sijazaliwa. Halimuumi. Juzi shoga yangu kaniletea pakiti ya unga wa mwani, Sh 15,000, imeandikwa kwamba unatoka mashamba ya Zanzibar. Anasema kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi na rovu linaisha, presha inashuka, sukari inashuka, halafu una fukoidani inayoua saratani. Nimtumie mama?
Binti wa Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimtumie. Na hela uliyotaka kununulia pakiti ya pili iwe nauli ya kumleta mama hospitali.

Sisemi mwani hauna kitu. Unayo madini joto, tena ndiko yalikogunduliwa. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitumia majivu ya mwani kupata malighafi ya baruti. Siku moja akazidisha asidi, ukapanda mvuke wa zambarau, na huo mvuke ndio madini joto yenyewe. Bahari inayo kwa wingi. Huku kwetu milimani mvua imeyasomba udongoni karne na karne, kwa hiyo mahindi, viazi na kabichi zetu zinayo kiduchu. Tezi ya thairoidi, hapo chini ya koo, inayahitaji kutengeneza homoni. Ikiyakosa inatanuka, ndiyo rovu hilo.

Nilipoanza kazi Makete, enzi hizo bado iko mkoa wa Iringa, shingo za namna hiyo zilikuwa jambo la kawaida kabisa. Tuligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Kazi ilikuwa kuwazuia watu wasivitafune: kikipasuka mdomoni, mafuta yanajaa kwenye fizi, mtu anakunja uso na kutema dawa yote chini. Ilibidi usimame mbele yake na kikombe cha maji mpaka uone koo linashuka. Baadaye, miaka ya 1990, ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wengi wao wana shingo nyembamba.

Sasa kwa nini nakukatalia? Rovu la miaka mingi huwa limeota vinundu ndani. Vingine vimeshazoea kujiendesha vyenyewe, havisikilizi tena amri ya mwili. Vikipata madini joto mengi kwa ghafla, vinatoa homoni bila breki: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anakula lakini anakonda. Kwa mtu wa umri wa mama yako mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika kabisa. Na rovu lenyewe, kwa ukubwa na umri huo, halitasinyaa kwa uji wa mwani.

Halafu kijiko hicho kina kiasi gani? Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Nori, ule mwani mwembamba Wajapani wanaozungushia wali, gramu moja huwa na makumi machache tu ya mikrogramu. Kombu, mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, gramu moja inaweza kupita 2,000. Wewe una pakiti isiyosema ni mwani gani. Hapo unapima dawa ukiwa umefumba macho.

Hiyo fukoidani imenichekesha kidogo. Ni utomvu wa aina ya sukari unaopatikana kwenye mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989, ule wa kinamama wa Paje na Jambiani, ni spinosamu na kotoni, na yote miwili ni ya kundi la mwani mwekundu, hata kama kwa macho unauona kijani au hudhurungi. Sifa yake ni karajinani, utomvu unaogandisha vyakula. Kwa hiyo ama unga haukutoka kwenye mashamba hayo, ama mwandishi wa pakiti kanakili sifa za mwani mwingine. Na hizo habari za saratani nyingi ni za seli zilizowekwa kwenye vyombo vya maabara, au za panya. Seli kwenye chombo hata siki inaziua.

Kuhusu presha na sukari: mwani una nyuzinyuzi laini zinazovimba tumboni na kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ni sifa nzuri ya chakula, lakini haitoshi mtu kuacha vidonge vyake. Tena usipooshwa vizuri unabaki na chumvi nyingi, na mwenye presha hiyo haimfai.

Mama apimwe damu kuangalia homoni za thairoidi, na apigwe ultrasaundi ya shingo. Sauti ikianza kukwaruza, chakula kikawa kinakwama, au uvimbe ukaongezeka haraka, msisubiri mavuno yaishe. Nyumbani atumie chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, kiasi kilekile cha siku zote. Ile ya mawe inayochotwa kwenye gunia lililokaa juani aachane nayo. Chumvi ikae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi wa mafiga, na aitie chungu kikikaribia kuiva.

SWALI: Kamwene Nesi! Nina ujauzito wa miezi minne. Wifi yangu kaolewa Unguja, kaniletea mwani mkavu. Nile?
Mama K., Mafinga

JIBU: Kamwene, mama. Kachumbari kidogo mara mojamoja, sawa. Uloweke maji baridi, ubadilishe maji mpaka chumvi na mchanga viishe, ukatekate na nyanya na ndimu. Unga na vidonge vya mwani acha: mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, na yakizidi mno yanaweza kuilemea tezi ya mtoto. Kliniki waambie unatumia chumvi gani. Ubongo wa mtoto unajengwa kwa madini hayohayo.

SWALI: Nesi, rafiki yangu anasema dawa ya meno ina mwani. Ni kweli au ananitania?
Kijana wa Makambako

JIBU: Nyingi zinao. Ndio unaofanya dawa isitengane na maji ndani ya tyubu. Hata aiskrimu: tazama maandishi madogo, ukiona E407 ni karajinani, E406 ni aga, E401 ni alginati ya mwani wa kahawia, ambayo imo pia kwenye baadhi ya dawa za kiungulia. Aga ndiyo inayooteshea bakteria maabara tangu miaka ya 1880. Aliyeileta wazo ni Fanny Hesse, mke wa mtafiti mmoja Mjerumani, kwa sababu aliizoea jikoni kwake kugandishia jeli.