Waifai Imejaa, Intaneti Haipo

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mwandishi wa safu hii. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Kibokoni katika Mji wa Kale, na riziki yangu ni kufundisha tajwidi kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wangu wengi wako Oman na Uingereza, na madarasa yetu huanza baada ya maghribi. Kwa muda wa wiki sita sasa, kila ikifika saa moja na nusu hivi za usiku darasa hukatika. Alama ya waifai kwenye simu na kwenye kompyuta huwa imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Nikizima waifai na kuiwasha tena, mara intaneti hurudi kwa dakika chache, mara hairudi kabisa. Siku moja kompyuta iliandika kwamba kuna mgongano wa anwani ya IP, kisha maandishi yakatoweka kabla sijayasoma vizuri. Fundi wa kampuni inayotuuzia intaneti amekuja mara mbili, zote asubuhi, akapima waya na kusema hauna kasoro, na kweli asubuhi kila kitu huenda sawasawa. Jirani ananiambia ni kebo za baharini. Nimechukua hata kifurushi cha bei ya juu zaidi, na hali ni ile ile. Labda nitaje pia kwamba ruta ya kampuni iko ukumbini chini na mawimbi yake hayafiki juu, kwa hiyo mwanangu alinunua ruta nyingine, akaiweka chumbani kwake ghorofa ya pili na kuiunganisha na ile ya chini kwa waya. Yeye hufanya kazi bandarini na huizima kila atokapo asubuhi. Naomba unisaidie, kwa maana wazazi wa wanafunzi wameanza kunung'unika.
Mwalimu, Kibokoni

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu, na pole sana kwa usumbufu huu wa wiki sita. Jambo ulilolitaja mwisho, kana kwamba halina uzito, ndilo lililobeba jibu lote: ruta ya kijana wako huzimwa asubuhi na kuwashwa jioni, na intaneti yako ni nzima asubuhi na huharibika jioni. Fundi hakukudanganya. Alipima nyumba yenye ruta moja, ilhali tatizo hutokea katika nyumba yenye ruta mbili.

Kebo za baharini tuziweke kando mapema. Ni kweli kwamba intaneti ya Kenya kwa sehemu kubwa hupitia kwetu Mombasa, kwani kebo za TEAMS na SEACOM zilifika hapa mwaka wa 2009 na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Lakini kebo ya baharini ikikatika, huathirika mtaa mzima na miji mingine pia. Haichagui nyumba moja ya Kibokoni, wala haingojei kila siku jua lizame. Na kifurushi cha bei ya juu hakikuweza kukusaidia kwa sababu hukuwa na upungufu wa kasi. Nasikitika kwamba umelipa zaidi bure, na ninakushauri urudi kwenye kifurushi chako cha zamani mara tu mambo yatakapotengemaa.

Kila kifaa kilicho katika mtandao wa nyumba hupewa anwani, ndiyo hiyo ya IP uliyoiona, ya namba nne zinazotenganishwa kwa nukta, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Anwani za namna hiyo kwa jumla hazizidi bilioni 4.3, hazitoshi vifaa vya dunia nzima, kwa hiyo mwaka wa 1996 ulitolewa mwongozo, RFC 1918, uliotenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani, ambazo nyumba yoyote yaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa popote. Fungu linalojulikana zaidi ni lile linaloanza na 192.168, na ndiyo sababu ruta nyingi sana hutoka kiwandani zikiwa zimejipa anwani ya 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Wewe na jirani yako mnaweza kutumia anwani zile zile miaka nenda miaka rudi bila kudhuriana, maana kila nyumba imejifungia nyuma ya ruta yake. Madhara huanza pale ruta mbili zenye anwani moja zinapounganishwa kwa waya ndani ya nyumba moja, na dalili zako zote zaelekeza huko.

Ukitaka kuelewa kwa nini intaneti huja na kutoweka, mfikirie muuza maji na mkokoteni wake katika kichochoro chenu. Nyumba hazina namba, basi husimama na kupaza sauti: «Nani aliyeagiza mitungi sita?» Anayejibu kwanza ndiye anayepelekewa. Kompyuta yako nayo, kabla ya kutuma chochote nje, huuliza vifaa vyote vya nyumbani: nani mwenye 192.168.1.1? Ruta ya chini hujibu, na ruta ya juu pia hujibu. Kompyuta huandika jibu moja katika kumbukumbu yake na kulitumia kwa muda, kisha huuliza upya. Ikiwa imeandika ruta ya chini, ambayo ndiyo iliyoshika waya wa kampuni, darasa lako linaendelea. Ikiandika ya juu, sauti yako inapelekwa kwenye ruta isiyo na njia ya kwenda nje, na huko inapotea. Alama ya waifai haionyeshi haya yote, kwa sababu inapima ukaribu wako na ruta tu.

Kuna kosa la pili lililofungamana na la kwanza, na ndilo lililosababisha ule ujumbe wa mgongano. Kila ruta ina kazi ya kugawa anwani kwa vifaa vinavyojiunga, kazi inayoitwa DHCP. Nyumbani kwako wagawaji ni wawili, kila mmoja ana daftari lake, na hakuna anayesoma daftari la mwenzake. Ruta ya chini yaweza kuipa kompyuta yako 192.168.1.102, na dakika kumi baadaye ruta ya juu ikaipa simu ya binti yako namba hiyo hiyo. Asubuhi mko wachache na mgawaji ni mmoja. Baada ya maghribi watu wamerudi, simu na runinga zimejiunga, wagawaji wote wawili wako kazini, na nafasi ya namba kugongana imeongezeka maradufu.

Usikubali maneno yangu bila kuyapima. Jioni tatizo litakapotokea, usizime kitu. Ikiwa kompyuta yako ni ya Windows, fungua dirisha la kuandikia amri, andika arp -a, ubonyeze Enter. Katika orodha itakayojitokeza, tafuta mstari wa 192.168.1.1; mkabala wake utaona tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbili mbili, nazo ni utambulisho wa kifaa kilichojibu, uitwao MAC. Zinakili kwenye karatasi. Kisha zigeuze ruta zote mbili na usome kibandiko kilicho chini ya kila moja, ambako utambulisho wake umechapishwa kwa maandishi madogo. Herufi ya mwisho ikitofautiana kidogo usijali, kwa kuwa ruta moja huwa na utambulisho zaidi ya mmoja, wa waya na wa waifai, unaopishana kwa hesabu ndogo. Ukikuta kwamba aliyejibu ni wa ghorofa ya pili, umepata ushahidi. Ukiona kazi hii ni nzito, kuna njia nyepesi: mwambie kijana wako aache ruta yake imezimwa jioni mbili mfululizo, nawe uangalie kama darasa litakatika.

Siwezi kukuambia uitupe ruta ya juu, kwani naielewa sababu ya kuinunua. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hufika karibu nusu mita kwa unene, na mawimbi ya waifai, hasa yale ya GHz 5, huchoka kabla ya kupanda hata ngazi. Kijana wako alifikiri vizuri. Kilichobaki ni kuifanya ruta yake irushe waifai tu, na kazi ya kugawa anwani na kutoka nje iachiwe ile ya chini peke yake.

Kazi hiyo ifanyeni asubuhi ya siku ambayo yuko nyumbani. Chomoeni kwanza ule waya unaoziunganisha ruta mbili, kwa sababu mkiuacha hamtajua ni ruta gani mnayoibadilisha, na hili ndilo kosa linalowapotezea wengi siku nzima. Halafu kompyuta iunganishwe na ruta ya juu kwa waya mfupi, mzime waifai ya kompyuta, mfungue kivinjari na kuandika 192.168.1.1. Jina na nywila ya kuingilia huwa kwenye kibandiko, ikiwa hazijabadilishwa. Katika mipangilio ya mtandao wa ndani, anwani ya ruta hii ibadilishwe iwe 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba namba hiyo haimo katika zile zinazogawiwa na ruta ya chini. Ikiwa ruta ya chini hugawa kuanzia 2, basi punguzeni ugawaji wake uanze 20. Ruta ikijiwasha upya, ingieni tena kwa anwani mpya, na hapo ndipo mzime DHCP. Msitangulize kuizima DHCP, kwa maana kompyuta inaweza kubaki bila anwani na mkashindwa kurudi ndani. Hatimaye rudisheni waya unaotoka chini, na mwisho wake wa juu uingie katika mojawapo ya matundu yenye alama ya LAN, yaani ya vifaa vya ndani, si lile la WAN, la kutokea nje, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya pekee. Ruta nyingi za siku hizi zina mpangilio mmoja wa kuigeuza ruta kuwa kirusha waifai, unaofanya kazi hiyo yote kwa mara moja. Kijana wako akiuona, autumie, na katika hali hiyo afuate maelekezo ya ruta yenyewe kuhusu tundu la kuchomeka.

Wako watakaowashauri muutie waya katika tundu la WAN na kuiacha ruta ya juu iendelee kugawa. Hilo linawezekana kwa sharti kwamba mtandao wa juu upewe fungu tofauti, kwa mfano 192.168.2, kwa sababu ruta yenye 192.168.1 ndani na nje haijui kifaa inachokitafuta kiko upande upi. Mimi siipendi njia hiyo kwa nyumba kama yako, kwani vifaa vya chini havitaviona kwa urahisi vilivyo juu.

Kila simu na kompyuta, runinga pia, izimwe na kuwashwa mara moja baada ya hapo, ili iiache anwani ya zamani na kuomba mpya kwa mgawaji mmoja aliyebaki. Usiku huo huo waweza kufundisha.

SWALI: Nyumbani kwetu Mikindani ruta ni moja tu, lakini kamera ya usalama iliyo langoni hupotea kwenye simu yangu mara kwa mara, hasa wageni wakija. Fundi aliyeifunga aliipa anwani ya 192.168.1.105. Je, kamera ni mbovu?
Baba wawili, Mikindani

JIBU: Ndugu yangu, huenda kamera ni nzima kabisa. Fundi ameipa anwani ya kudumu bila kuiarifu ruta, na ikiwa ruta hugawa kuanzia 100 hadi 200, mgeni wa tano au wa sita anaweza kupewa 105 ilhali kamera imeishika. Ingia katika ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, uifungie kamera namba 105 kwa utambulisho wake wa MAC. Ruta isipokuwa na sehemu hiyo, badilisha anwani ya kamera yenyewe iwe 192.168.1.50, ambayo haimo katika mgawo, na uiandike namba hiyo kwa kalamu isiyofutika pembeni mwa ruta, ili fundi atakayekuja kufunga kamera ya pili aione kabla hajachagua yake.