Kabla ya rangi, tafuteni maji yanakotoka

Masika yakikolea, barua za safu hii hubadilika. Maswali ya tailizi na rangi za sebule hupungua, na ya kuta zenye madoa huzidi. Wengi huniuliza wapake rangi gani. Mimi, niliyeishi kwa plasta na rangi kutoka Kisumu hadi Nakuru, nawaambia rangi ndiyo kazi ya mwisho kabisa. Nimechagua barua nne, kwa sababu kila moja ina maji ya asili tofauti.

Mama Fundi, habari. Ninaishi bedisita ya ghorofa ya kwanza hapa Free Area, Nakuru, na mwanangu wa miaka minne. Kila Juni na Julai madoa meusi huota kwenye kona juu ya kitanda na nyuma ya kabati. Mwenye nyumba amepaka rangi mara mbili, yamerudi. Paa halihusiki, kuna wapangaji wengine juu yetu. Ninapikia gesi humo humo. Mtoto anakohoa usiku. Nihame? – Mama wa mmoja, Nakuru

Pole dada yangu, na mtoto pole zaidi. Nianze na yeye. Mpeleke kliniki wiki hii, na ukifika umweleze daktari habari ya ukuta, kwa maana wengi husahau kuitaja. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na ndani yake kikohozi, kifua kubana na pumu vimetajwa waziwazi. Leo usiku kitanda kiondolewe kwenye kona hiyo.

Sasa maji. Umenipa dalili kubwa bila kujua: madoa huja Juni na Julai, masika yakiwa yamepita na baridi imeingia. Hayo si maji ya mvua. Yanatoka ndani ya chumba, kwenye pumzi zenu, sufuria na nguo mbichi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ukuta wa mawe hupoa vibaya. Hewa yenye joto na mvuke ikiugusa, mvuke hugeuka maji. Hujikusanya palipo na baridi zaidi na hewa isiyotembea, yaani konani na nyuma ya kabati. Ukungu haudai zaidi ya hapo.

Jambo moja wapishi wengi hawalijui: gesi yenyewe ikiungua hutoa maji. Kila kilo ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umekuachia chumbani lita 9 za maji, hata kama sufuria zote zilikuwa na vifuniko. Ongeza githeri ya saa mbili na nguo ulizoanika ndani kwa kuogopa wezi wa kamba.

Usiamini maneno yangu tu, jaribu. Pangusa sehemu ya ukuta ikauke, bandika kipande cha foili ya jikoni, ukifunge kwa selotepu pande zote nne. Kiache siku 2. Umande ukikaa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani kama ninavyodhani. Upande unaogusa ukuta ukilowa, maji yanapita ukutani, na hapo mwite mwenye nyumba akague bomba na bafu la jirani wa juu.

Niliwahi kuitwa nyumba moja ya Lanet kwa lalamiko kama lako. Ukuta ulioonekana ulikuwa safi, rangi ya kirimu. Tulipovuta kabati, mgongo wake wa plaiwudi ulikuwa umeota manyoya ya kijivu hadi usawa wa kiuno, na viatu vya ngozi vya baba vilikuwa na kijani kwenye mshono, pale soli inapokutana na ngozi. Nikatazama juu ya dirisha. Vile vitundu vya hewa vilikuwa vimezibwa kwa magazeti, yamekunjwa vizuri na kusukumwa ndani ili mbu wasiingie. Nilipoyavuta yalitoka yamelowa, wino umenishika vidoleni. Waliondoa magazeti, wakapigilia wavu wa mbu, kabati likasogezwa upana wa kiganja kutoka ukutani. Ukuta ule ulikauka bila tone la rangi.

Kwa hiyo angalia vitundu vyako kwanza. Fungua dirisha na mlango kwa pamoja, dakika kumi asubuhi na kumi baada ya kupika, ili hewa ipite kabisa, hata kama baridi inauma. Nguo zianikwe nje ukiwa nyumbani. Na tafadhali, nakuomba kwa dhati: usiwashe jiko la makaa chumbani ukifunga mlango ili ukuta ukauke. Gesi ya makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Madoa yenyewe, yakiwa hayazidi mita moja ya mraba, unaweza kuyaondoa. Mtoto aende kwa jirani. Vaa glavu na barakoa ya N95, lowesha doa kwanza ili vumbi lake lisiruke, sugua kwa maji na sabuni, kisha pangusa na uache pakauke kabisa. Ukitumia Jik, usiichanganye na dawa ya kusafishia choo wala dawa nyingine yoyote. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Pia Jik huweza kulitoa doa rangi na kuacha ukungu hai ndani ya plasta, kwa hiyo weupe peke yake usikutulize.

Kuhama? Bado. Fanya haya kwanza. Julai ikipita na kona haijabadilika, niandikie tena.

Mama Fundi, nyumba yangu iko Dunga, Kisumu. Niliijenga mwaka 1998, haikuwa na shida. Ziwa lilipofura mwaka 2020 nilileta malori ya maramu nikainua ua wote, baadaye nikaweka kabro. Sasa kuta zimelowa kutoka chini hadi magotini, plasta inabanduka na kuna unga mweupe. Fundi anasema nipake rangi ya mafuta au nibandike tailizi hadi kiunoni. Nimsikilize? – Mzee wa Dunga

Hapana, mzee wangu. Usinunue rangi hiyo wala tailizi.

Jibu limo ndani ya barua yako. Ulipojenga, fundi alitandaza juu ya msingi ile karatasi nyeusi tunayoiita DPC. Kazi yake ni kukata njia ya maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia vinyweleo vya mawe na simiti. Ili ifanye kazi inapaswa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa hapo, na nyumba ikawa kavu. Kisha maramu na kabro vikaifukia. Maji ya ua sasa yanaingia ukutani juu yake, na karatasi iko chini haina la kufanya. Nimeona jambo hili katika nyumba nyingi za kando ya ziwa tangu mwaka ule, na linaniuma kwa sababu watu walikuwa wakijiokoa na mafuriko.

Ule unga mweupe ni chumvi iliyobebwa na maji. Usiuogope kama ukungu. Udondoshee maji: chumvi hupotea, ukungu haupotei. Lakini chumvi hiyo huvuta unyevu hewani, ndiyo maana plasta hiyo haiwezi kuokolewa tena.

Rangi ya mafuta na tailizi huziba uso wa ukuta. Maji yakikosa pa kutokea kwenye magoti hupanda hadi kiunoni, na mwaka ujao utaambiwa ubandike tailizi hadi mabegani.

Cha kufanya: ng'oa kabro kandokando ya ukuta, upana wa nusu mita. Chimba hadi uione ile karatasi, kisha ushuke sentimita 15 zaidi. Mtaro huo ujazwe kokoto na uwe na mteremko wa kupeleka maji mbali, kwa sababu udongo wetu mweusi hushika maji na mtaro usio na mlango utakuwa birika. Hakikisha gata hazimwagi humo. Ndani, bomoa plasta yote hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi na uache mawe wazi.

Halafu usubiri. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Jiwe la inchi sita linataka miezi sita hivi. Najua wageni wataona mawe wazi sebuleni na watasema. Waache waseme. Ukipiga plasta mapema utaipiga mara mbili. Ukuta ukishakauka, plasta mpya na rangi ya maji, siyo ya mafuta.

Fundi, mimi ni mpangaji Kakamega. Dari ina doa la kahawia lenye duara, linapanuka kila mvua. Mwenye nyumba anasema tusubiri mvua iishe. – Mpangaji, Lurambe

Kakamega mvua inaisha lini, ndugu yangu? Huko hunyesha karibu mwaka mzima.

Doa la duara la kahawia maana yake maji yanaingia, yanakauka kidogo, yanaingia tena. Mara nyingi ni raba ya msumari wa paa iliyopasuka kwa jua, au kofia ya bati iliyoinuka, na tundu huwa juu zaidi ya doa kwa sababu maji huteleza kwenye mbao kabla ya kudondoka. Kazi ya saa chache kwa mtu mwenye ngazi. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, ukungu kwa kawaida haupati nafasi. Dari yako haipati saa hizo kati ya mvua na mvua, na ubao wa dari ukianza kulegea, usilale chini yake.

Kuhusu mwenye nyumba: piga picha zenye tarehe, mwandikie barua, ubaki na nakala. Usikatae kulipa kodi, utajiponza. Akinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huihesabu nyumba inayodhuru afya ya wakazi kuwa kero, na afisa huyo ana uwezo wa kuikagua na kumwagiza mwenyewe airekebishe.

Mama, sisi Webuye tumevuna, na stoo ilianguka. Magunia ya mahindi yako chumba cha kulala, yameegemea ukuta wenye unyevu kidogo. Kuna harufu ya uvundo. Kuna hatari? – Mke wa mkulima

Ipo, na hii barua ndiyo iliyonikosesha raha kuliko zote. Yatoeni magunia hapo leo hii.

Ukungu wa mahindi huweza kutengeneza sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui, na kiini kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiondoi. Kuosha na kuanika upya hakuiondoi.

Fungueni kila gunia na mkague hasa upande uliogusa ukuta. Lenye punje za kijani, za kijivu au zilizoshikana likae kando. Yaliyo safi yaanikwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tieni chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi hadi robo ya chupa, mtikise dakika kadhaa kisha mwache yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni juani. Isiponata, ongezeni siku nyingine ya jua kwa usalama. Kisha magunia yakae juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani, mtu aweze kupita nyuma yake.

Yale yaliyoharibika msiwape kuku, na ng'ombe wa maziwa msimpe hata kidogo. Sumu hiyo hupita mwilini mwake ikaingia kwenye maziwa watakayokunywa watoto.