Uliza Mwalimu: Mtoto mmoja kati ya elfu na zaidi

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zetu kutoka Bombo. Binti yetu amefaulu mtihani wa darasa la saba na amepata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule kubwa ya bweni ya Kikatoliki iliyo pembezoni mwa Kampala. Sisi ni Wanubi na ni Waislamu. Barua ya kujiunga inasema kwamba kila mwanafunzi atahudhuria Misa ya Jumapili. Baba yake anaangalia matokeo ya shule tu, na mama mkwe wangu anasema tunampeleka mtoto akabatizwe. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama, hofu ya mama mkwe wako naiheshimu, lakini kuhusu ubatizo hana sababu ya kukosa usingizi. Kanisa Katoliki lenyewe, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wake, juu ya uhuru wa dini lililotolewa Desemba 1965, lilifundisha kwamba mtu asilazimishwe kuipokea imani, na aliyefikia umri wa binti yako habatizwi bila kuomba mwenyewe na kupitia mafundisho. Misa ni jambo jingine. Shule nyingi za Kikatoliki hapa kwetu Uganda hupokea Waislamu, Waanglikana, Waadventista na Wapentekoste, na si chache zinazowataka wote wawepo kanisani Jumapili kwa kuwa hiyo ni sehemu ya ratiba. Kuwepo si kukomunika, yaani kupokea mkate mtakatifu wa Misa. Wakatoliki watakapopanga mstari kwenda kupokea komunyo, yeye atabaki kwenye benchi lake, wala hatakuwa peke yake.

Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inalinda uhuru wa kila mtu kuifuata dini yake, lakini nakusihi usiingie shuleni na Katiba mkononi kama fimbo. Wanafunzi Waadventista walipokishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuwapangia masomo na mitihani siku ya Sabato, Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na rufaa yao katika Mahakama ya Juu haikufua dafu. Hicho ni chuo cha umma; kwa shule iliyoanzishwa na Kanisa, tena iliyoandika masharti yake wazi katika barua, mazungumzo ya mapema yatakufaa kuliko kesi. Kabla ya kulipa karo, nendeni wewe na baba yake mkamwone mwalimu mkuu, mkaulize mambo yanayopimika: mtoto ataswali wapi na saa ngapi, jiko litampa daku na futari mwezi wa Ramadhani au hapana, ataruhusiwa kujifunika kichwa au hapana, na nani kati ya walimu anawasimamia wanafunzi Waislamu. Swali hili la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Shule ikikutajia jina la mtu, umepata mahali pa kupiga simu. Ikikujibu kwamba “hapa wote ni sawa”, endelea kuuliza.

Tena kuna jambo la kumsimulia bibi yake. Huenda binti yako akalala katika bweni lenye jina la Lwanga, Kizito au Mulumba, ambao ni miongoni mwa mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Kundi kubwa lao liliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Waanglikana walikufa pamoja nao katika moto huohuo. Lakini miaka kama kumi kabla yao, katika enzi ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, Waislamu waliokataa kumtanguliza Kabaka mbele ya dini yao waliuawa vilevile. Kwa hiyo Juni 3, shule nzima itakapoimba, mjukuu wake atakuwa na mashahidi wa dini yake wa kuwakumbuka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne nilisoma katika shule ndogo karibu na Tororo, ambako mwalimu mkuu alijua hata idadi ya ng'ombe wetu. Sasa niko kidato cha tano, ninachukua Fizikia, Kemia na Hisabati, katika shule ya Kikatoliki iliyo kando ya jiji yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja. Kule nilikuwa wa kwanza; hapa nimekuwa wa sabini na mbili. Bwenini wanazungumza Kiganda, na nikizungumza Kiswahili wananiita “afande”. Je, nimwombe baba anirudishe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwombe bado. Hiyo sabini na mbili isikutishe, kwa sababu kidato cha tano cha shule kama hiyo hukusanya wale waliokuwa wa kwanza na wa pili katika shule za nchi nzima, na lazima mmoja wao awe wa sabini na mbili. Ngoja muhula wa pili ndipo ujipime, tena ujipime kwa alama zako za Fizikia za muhula uliopita, si kwa jirani.

Linalonishughulisha ni hilo la kutojulikana, na hapo nina deni la kulipa. Nilipokuwa mwalimu wa darasa katika shule kubwa ya bweni, nilikuwa na kijana wa kidato cha kwanza ambaye sahani na kikombe chake viliibwa wiki ya kwanza. Aliona haya kusema. Saa ya chakula ilipofika, wenzake wakipanga foleni ya posho na maharagwe, yeye alijificha darasani, na jioni alinunua chapati dukani mpaka fedha zake za mfukoni zikaisha. Mimi niliita orodha kila asubuhi, naye aliitika “nipo”, nami nikaridhika. Aliyegundua ni mpishi mmoja, mama aliyezoea kumwona kijana yule akisema asante kila anapopakuliwa, akashangaa asante hiyo imepotelea wapi. Aliniuliza mbele ya walimu wenzangu, na mpaka leo nikikumbuka nainamisha kichwa.

Ndiyo maana nakwambia kwamba shule ya watu elfu moja haikaliwi nzima. Inakaliwa vipande vipande: chumba cha vitanda ishirini, meza ya bwaloni, sauti ya besi katika kwaya, kikundi cha vijana wanafunzi Wakristo kinachokutana Alhamisi, timu ya raga hata kama wewe ni wa akiba. Chagua kipande kimoja, si vitano, ukiingie kwa miguu miwili. Mimi ningekushauri kwaya, hata kama huna sauti nzuri, kwa kuwa inafanya mazoezi mara nyingi, inachanganya madarasa yote, na nyimbo za Kiganda utakazozishika huko zitakufundisha lugha hiyo bila aibu ya kukosea bwenini. Halafu mtafute mtu mzima mmoja atakayelijua jina lako: mwalimu wa darasa, matroni, bruda anayesimamia maabara, au padri wa shule, ambaye kwa kawaida ana muda kuliko walimu na hatoi maksi.

Kuhusu “afande”, nacheka kidogo, unisamehe. Kwa wazee wengi wa Kampala Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na bunduki, na watoto wameurithi utani bila kuirithi hofu. Lakini Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na tangu mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kimewekwa kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, huku walimu wake wakiwa wachache. Hapo bwenini kwenu kuna wadogo wanaohangaika na ngeli. Kaa nao nusu saa Jumamosi baada ya kufua. Hutamaliza mwezi kabla hawajaanza kukuita mwalimu, na wenzako wa kidato cha tano watafuata.

SWALI: Kijana wangu anaanza kidato cha kwanza bweni. Nimwekee fedha ngapi, na nimfungashie chakula gani? Mzazi, Jinja.

JIBU: Ndugu mzazi, kiasi atakwambia mhasibu wa shule, na fedha ziache kwake au kwa matroni, mtoto azichukue kidogo kidogo. Karanga za kukaanga, sukari na gari, yaani chenga za muhogo zilizokaangwa, vinatosha. Sanduku lililojaa biskuti huita marafiki wa wiki mbili. Siku ya kutembelea, fika mapema, na kabla ya kufungua kapu la kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma, mwombe akutambulishe kwa mwalimu wake wa darasa. Ukiona anababaika kumtafuta, utakuwa umejua jambo. Simu usimfiche sandukuni, atafukuzwa kwa ajili yako. Na sahani yake iandikwe jina kwa ncha ya msumari, chini na ubavuni, kwa maana rangi ya kucha hutoka kwa majivu ndani ya wiki moja.