Barua pepe zikae nyumbani kwangu, inawezekana?

SWALI: Bi Fundi, asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli. Nyumbani tupo wanane, kila mtu na simu yake, na mke wangu anauza sabuni za mwani. Wateja wake humwandikia kwa barua pepe. Nina kompyuta kuukuu ya mezani, imekaa tu kabatini. Nataka niifanye seva: intaneti yote ya nyumba ipite humo, na barua za biashara zikae humo humo badala ya kukaa kwa watu. Nianzie wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, Maalim. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na uzito wake si sawa. La kwanza utalimaliza Jumamosi moja. La pili ndilo linalowatoa watu jasho, nami sitaki likutoe bure.

Tuanze na lango. Nyumba zetu za zamani zina daka: mgeni hupokewa pale, na waliomo ndani hawaoni. Hiyo ndiyo kazi utakayoipa kompyuta yako. Inahitaji kadi mbili za mtandao, na za mezani nyingi zina moja tu, kwa hiyo nunua ya pili. Moja iende kwenye ruta ya kampuni ya intaneti, nyengine iende kwenye kisanduku cha waifai cha ndani. Zibandike karatasi kabla hujaanza, "nje" na "ndani", maana ukizichanganya utakesha ukitafuta kosa ndani ya programu, na halimo.

Weka Debian, mfumo endeshi wa bure. Kadi ya ndani ipe anwani 192.168.10.1. Kisha iruhusu mashine kupitisha pakiti, yaani vipande vya data, kutoka kadi moja kwenda nyengine: net.ipv4.ip_forward iwe 1, kwani kwa kawaida ruhusa hiyo imefungwa. Programu ya ulinzi, nftables, itazificha simu zote nyuma ya anwani moja na kumkatalia anayebisha hodi kutoka nje bila ya kuitwa. Programu nyengine, dnsmasq, itagawa anwani kwa simu. Kisanduku cha waifai kikatazwe kugawa anwani zake. Wagawaji wawili ndani ya nyumba moja ni fujo, leo simu inapata intaneti, kesho haipati.

Sasa barua. Kabla hujaigusa Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, fungua ukurasa wa ruta uitazame anwani ya nje uliyopewa. Ikianza na 100, na namba ya pili ikiwa kati ya 64 na 127, basi wewe na wateja wengine mmewekwa pamoja nyuma ya anwani moja ya kampuni. Kutoka mtatoka, lakini hakuna atakayeweza kukubishia hodi, na barua haitafika. Hapo itabidi uiombe kampuni anwani ya hadharani isiyobadilika, na uilipie.

Kupokea ni kwepesi. Postfix inasikiliza poti 25 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba), programu ya Dovecot inamfikishia mkeo barua simuni kwa poti 993. Kutuma ndiko kwenye shida. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua), na anwani yake ya IP iwe na jina, na jina hilo ukiliuliza likurudishe kwenye anwani ile ile. SPF na DKIM utaziandika mwenyewe kwenye jina lako la mtandao, lile linalokaa baada ya @. Jina la anwani halimo mkononi mwako, liko kwa mwenye anwani, yaani kampuni ya intaneti.

Nimewahi kufunga seva katika nyumba ya wageni kule Jambiani, kila kitu sawasawa, na barua za kuthibitisha vyumba zikawa zinaangukia kwenye taka. Wageni wakaona hawakujibiwa, wakenda kwengine. Wiki tatu nilipiga simu kampuni kuomba mstari mmoja tu uandikwe, wa jina la anwani. Liliniuma sana, kwa sababu mwenye nyumba aliniamini.

Tangu siku ile nashauri hivi, na sibadilishi: pokea nyumbani, lakini zinazotoka zipitishe kwa kampuni ya kutuma barua unayoilipa, kwa poti 587, kwa jina na nywila. Kwenye Postfix ni mstari wa relayhost. Barua zinabaki kwako, na kuilinda sifa ya anwani inakuwa kazi yao.

Mstari mwengine wa kuutazama mara mbili ni mynetworks, orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kupitia seva yako. Andika 127.0.0.0/8 na 192.168.10.0/24, yaani mashine yenyewe na nyumba yako, basi. Ukiuacha wazi kwa kila mtu, matapeli watatuma takataka zao kupitia kwako, na anwani yako itaingia kwenye orodha za kuzuiwa. Kutolewa humo kuna taabu.

Umeme ukikatika usiku usihangaike. Anayekutumia akiikuta seva imelala hujaribu tena na tena, kwa desturi siku 4 hadi 5, ndipo barua hurudishwa. Sisi wa Unguja tulikatikiwa na umeme wa bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kwa jambo kama lile siku 5 hazifai kitu, lakini kukatika kwa saa chache hakupotezi barua. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inatosha, muradi mashine izimike kwa salama. Mimi naiogopa zaidi Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla: mashine ya wati 70 ikiwaka mchana na usiku hula kiasi cha uniti 50 kwa mwezi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hula chini ya wati 10, na kwa nyumba ya watu wanane inatosha. Popote utakapoiweka, isiwe karibu na dirisha la upande wa bahari, chumvi itaila. Na kila usiku barua zinakiliwe kwenye diski ya pembeni.

Itazame kwanza ile anwani ya nje, Maalim. Ukiikuta ni ya 100 kama nilivyoeleza, niandikie kabla hujalipia jina la mtandao.