Dabalbesi kwenye ndege: usiridhike na "lete tu, tutaona"

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Kundi lenu la taarab hapo Dar limealikwa Ujerumani mwezi wa saba, wenzio wana fidla na akodiani, wewe ndiye mwenye dabalbesi, ile fidla kubwa ya kupigwa kwa kusimama, na ofisi mlikokata tiketi wamekwambia "lete tu, tutaona". Unauliza kama jibu hilo linatosha. Halitoshi. Na mimi niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, nikaishia kulala nayo kwenye benchi nje ya uwanja wa ndege.

Mimi napiga besi katika taarab hapa Unguja, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimesafiri na besi kwa ndege mara nne. Bila besi nimesafiri mara nyingi zaidi, na hilo la pili ndilo nitakalokushauri, lakini kwanza sikiliza yaliyonikuta.

Besi yenyewe si nzito, ni kilo 10 au 11 hivi. Mzigo ni sanduku. Ule mfuko wa kitambaa wa kubebea mgongoni usiufikirie kabisa kwa ndege, ni sawa na kumvalisha mtoto kanga ukamtupa barabarani. Sanduku letu la kwanza tulichongewa na fundi wa Darajani, plaiwudi, bati kwenye pembe, magodoro ya sponji ndani. Likiwa na besi lilipima kilo 47, urefu sentimita 205, upana 80, kina 60. Jumlisha pande tatu upate 345. Begi la kawaida la abiria ni sentimita 158 kwa jumla hiyo hiyo, na kilo 23. Ukilipia uzito wa ziada, mashirika mengi yanagota kwenye kilo 32 kwa kipande kimoja, na hapo usimlaumu mtu wa kaunta, kiwango kile kimewekwa kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Zaidi ya hapo unaambiwa nenda kago.

Sisi hayo hatukuyajua. Tulivuka na boti ya asubuhi kutoka Malindi. Hamali aliyetuvushia sanduku gatini alivua kofia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu nani?" Nilicheka. Usiku ule kwenye kaunta sikucheka tena. Dada wa watu alilitazama sanduku, akatazama kompyuta yake, akasema, "Kaka, hiki kitu hakimo kwenye safari yako." Akaja msimamizi.

"Nani alikwambia ulete?"

"Ofisini kwenu."

"Nani? Jina lake?"

Sina jina. Sina barua. Nina neno la "lete tu, tutaona", na sasa wameona. Wenzangu kumi na moja wakapanda, mimi nikabaki na jeneza langu na begi la nguo. Kesho yake nililipeleka jengo la kago, na huko ni dunia nyingine kabisa: wakala wa forodha, hati ya mzigo, ukaguzi, malipo kwa ukubwa wa sanduku wala si kwa uzito wake tu. Besi ilifika Ulaya siku nne baada ya wenzangu, onyesho la kwanza lilishapita.

Sasa sikiliza. Onyesho lile lilipigwa na besi. Wenyeji waliazima moja kwenye skuli ya muziki ya mji ule, nikafika mchana na ndege ya mkono mtupu, nikaishika saa mbili kabla ya watu kuingia. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Najua mtaniambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Besi ya kuazima inasitiri, tena vizuri, ukijua kuivaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ufanye kabla ya kumrudia mtu wa tiketi: waandikie waandaaji leo, waulize kama wanaweza kukupatia dabalbesi ya robo tatu, ambayo ndiyo saizi ya kawaida ya watu wazima, jina lisikuchanganye. Ujerumani kila mji wenye skuli ya muziki una besi. Waeleze kwamba wewe unapiga zaidi kwa kudonoa vidole kuliko kwa upinde, kwa sababu besi za okestra za kule nyuzi zao huwa zimeinuliwa juu sana, zinafaa upinde, na ukizidonoa onyesho zima la taarab vidole vinatoka malengelenge. Omba yenye briji (kile kibao kinachoinua nyuzi) ya skrubu, inayoshuka na kupanda. Beba nyuzi zako mwenyewe, seti nzima inaingia kwenye mfuko wa koti. Beba na upinde wako kama unao, kwa sababu Wajerumani wengi wanashika upinde kwa namna yao, kiganja kikitazama juu, na upinde wao umetengenezwa hivyo. Kama ulifundishwa ule mshiko wa Kifaransa, kiganja chini, utahangaika. Mimi hayo yalinikuta kinyume: nilijifunza wa Kijerumani, nikaazimwa upinde wa Kifaransa, nikapiga bashraf, ule wimbo wa vyombo vitupu, yote kama mtu anayekula kwa mkono wa kushoto.

Ila inawezekana mnarekodi, au besi yako ina sauti yako na huwezi kuiacha. Nakuelewa. Basi hivi.

Usiulize shirika "mnabeba besi?" Watasema ndiyo. Uliza ndege za safari yako ni za aina gani, kipande kwa kipande, kwenda na kurudi. Ndege ndogo kuliko zote katika safari ndiyo inayoamua. Kutoka Dar mpaka Ghuba au Addis Ababa unaweza kupata ndege pana yenye njia mbili za kupita kati ya viti, na tumbo lake lina nafasi. Humo mabegi hupangwa kwenye makontena, na besi ni ndefu mno kwa kontena la kawaida, kwa hiyo huwekwa sehemu ya nyuma, ambako mizigo hupakiwa kwa mkono kimoja kimoja. Shida iko kwenye kipande cha mwisho. Ukiunganishiwa ndege nyembamba ya njia moja kati ya viti kwenda mji mdogo, pale mzigo unapakiwa na mtu aliyepiga magoti ndani ya tumbo la ndege, na mlango wa mizigo wa Boeing 737 haufiki mita moja kwenda juu. Sanduku linaingia kwa kulazwa na kugeuzwa, au haliingii. Safari yangu ya pili sanduku lilibaki njiani siku moja na nusu kwa sababu hiyo tu. Ya tatu nikawaambia wenyeji: mimi nashuka Frankfurt, nifuateni na gari. Saa tatu za barabarani, besi nyuma yangu, roho imetulia. Fanya hivyo.

Na wenzangu wa Unguja na Pemba: vile vindege vidogo vya abiria kumi na wawili, kilo 15 na begi laini, msijisumbue. Boti.

Ukishajua ndege, tuma vipimo vya sanduku kwa barua pepe, pande tatu na kilo, picha moja ukiwa umesimama pembeni yake ili waone ukubwa, na uombe idhini iandikwe ndani ya tiketi yako, kwenye ile namba ya herufi na tarakimu sita. Barua yao chapisha nakala mbili. Ukifika kaunta unaonyesha karatasi, hubishani. Wanaoishi Marekani wana nafuu yao, tangu 2015 kuna kanuni inayoyataka mashirika ya huko yapokee chombo kikubwa kama begi, hadi sentimita 381 na kilo 75, ndege ikiweza kukibeba salama. Wewe tegemea barua.

Kuna besi zilizotengenezwa shingo yake itoke, na sanduku lake likawa dogo na jepesi kiasi cha kukaribia zile kilo 32. Ukikuta ya bei nafuu iliyotumika, nunua hata kwa kuuza pikipiki. Lakini usimpe fundi akukatie shingo ya besi uliyonayo, nimeona moja iliyokatwa hivyo, haikurudi kulia.

Kufunga sanduku nako kuna ujinga wake. Safari ya pili nilisikia kwamba nyuzi zilegezwe, nikazilegeza zote mpaka zikaning'inia. Kufika, nainua besi nasikia ndani *kok, kok, kok*. Kile kijiti cha ndani, kinachosimama kati ya tumbo na mgongo wa besi, hakina gundi. Kinashikwa na mkazo wa nyuzi. Nilivyozilegeza kikaanguka, na bila kijiti huthubutu kukaza nyuzi, tumbo la besi linaweza kubonyea. Tulikivua kwa waya wa hanga na uzi kupitia lile tundu la pembeni, fundi wa Kijerumani mmoja akiwa amelala chini sakafuni na tochi mdomoni, mazoezi yanaanza baada ya saa moja. Kukisimamisha tena ni kazi ya milimita. Ukikisogeza kidogo tu, besi inazungumza sauti nyingine, na yangu ilikuwa na mafua wiki nzima. Kwa hiyo legeza kila uzi hatua moja tu, isizidi. Kunja taulo uliweke chini ya kile kibao cha mkiani kinachoshika nyuzi, ili briji ikianguka isichane tumbo. Na usiweke kitu kigumu chochote kwenye nafasi tupu, si spika ndogo wala viatu. Walinzi wanaokagua wanafungua sanduku usipokuwepo, wanarudisha vitu wanavyojua wao. Mimi siku hizi nabandika picha ndani ya kifuniko, inavyotakiwa kulala, na mshale mkubwa mwekundu.

Mwezi wa saba hamna shida ya hewa kule. Ingekuwa Februari ningekwambia usilifungue sanduku mpaka likae ndani saa kadhaa lipate joto polepole, na uogope hita, maana mbao zilizozoea unyevu wa pwani zinapasuka kwa ukavu ule.

Ila mwezi wa saba, ukifika, sanduku lifungue pale pale ukumbi wa mizigo, kabla hujatoka mlangoni. Hapa nilipoteza pesa. Tukirudi kutoka safari ya tatu tulichoka, tulikuwa tunawahi boti, sanduku kwa nje lilikuwa zima isipokuwa pembe moja. Nimefungua nyumbani usiku: ufa wa kiganja kizima kwenye tumbo la besi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Ujerumani zote zimo, begi lililoharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7, na niliandika siku ya tatu. Wakanijibu, utathibitishaje haukupasukia kwenye boti? Sikuwa na fomu ya uwanjani, sikuwa na picha ya kabla. Na hata ningeshinda, fidia ina kikomo: tangu mwisho wa 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa abiria, karibu dola 2,000 hivi, labda uwe umetangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na ukalipia. Piga picha kaunta ile ile, sanduku wazi, saa ionekane.

Wenzio nao uwaambie machache. Mwenye chelo anunue kiti. Asijikatie mtandaoni kwa jina la kubuni, aende ofisini, tiketi ya pili iandikwe CBBG, ndiyo alama ya mzigo wa kiti cha kabati, na chelo itawekwa dirishani na kufungwa mkanda. Mwenye ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kupakatwa, aingie nayo mkononi na awe wa mwanzo kupanda, kabla makabati ya juu hayajajaa, maana ile sehemu ya ngozi chini ya briji haivumilii begi la mtu. Mwenye udi wa kizamani wenye urembo wa gamba la ng'amba, au upinde wenye ncha ya pembe ya ndovu, auache nyumbani. Hivyo ni viumbe vya daraja la kwanza, lenye ulinzi mkali kuliko yote, la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na forodha ya Ulaya haitaki kusikia kwamba ni urithi wa babu. Mpingo na mbao za jamaa yake msiogope sana: tangu 2019 chombo kilichokwisha kutengenezwa cha mbao hizo zilizo daraja la pili kimeondolewa kwenye vibali vya mkataba huo. Na kabla ya kuondoka, vyombo vyote viorodheshwe na kugongwa muhuri forodha ya hapa, msije mkatozwa ushuru wa besi yenu wenyewe mkirudi.

Andika hapa ndege ya mwisho katika safari yenu ni ipi, na mji gani mnapiga onyesho la kwanza. Kama ni karibu na kule nilikoazimwa mimi, yule bwana wa skuli ya muziki bado tunasalimiana kila Krismasi, nitamuuliza.