Ule ukurasa wa kwanza

Jamani. Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba nimemaliza kusoma The Da Vinci Code cha Dan Brown, kile kitabu cha 2003 kinachosema Yesu alimuoa Maria Magdalena, wakapata mtoto, kanisa likaficha, na eti kuna chama cha siri kinailinda hiyo siri mpaka leo. Mistari miwili! Toka siku hiyo simu yangu haijapumzika, kuna walioniombea, kuna walioniuliza kama bado nasali, na kuna mmoja kanitumia Zaburi ya 35 yote, mstari kwa mstari, saa kumi na moja alfajiri. Nimechagua barua chache, majina nimeacha kama mlivyoomba.

Kwanza niwaambie kuhusu nakala yangu maana inahusika. Niliinunua chini, imetandazwa kwenye turubai karibu na stendi hapa Moshi, elfu tatu, na kurasa za mwanzo zote zimechanwa, nadhani zilishafungia karanga. Kwa hiyo mimi hadithi yangu ilianzia mzee anakimbizwa usiku ndani ya jumba la makumbusho la Louvre, nikaisoma kama hadithi nyingine yoyote, nikalala saa nane usiku, asubuhi nikachelewa kazini. Kumbe vita vyote vya watu viko kwenye ukurasa ambao mimi sikuwa nao.

*Shangazi shikamoo. Mi ni mpagazi wa Kilimanjaro, napanda njia ya Marangu. Mgeni mmoja aliposhuka aliniachia viatu, tochi ya kichwani na hicho kitabu, nimekisoma pale kambi ya Horombo kwa tochi na kamusi pembeni. Mwanzoni kabisa wameandika KWELI, kwamba hicho chama, Priory of Sion, kipo tangu 1099 na kwamba michoro, majengo na nyaraka zote zilizotajwa ni sahihi. Sasa mtu akiandika kweli kwa herufi kubwa si ni kweli? Kambini tumegawanyika hadi mpishi kakasirika.*

Marahaba mwanangu, mwambie mpishi atulie. Hicho chama kilianzishwa 1956, sio 1099, kwenye mji wa Annemasse huko Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi, na mwenyewe ni bwana mmoja anaitwa Pierre Plantard. Jina la Sion walilitoa kwenye kilima cha jirani, na kijarida chao kilikuwa kinatetea wapangaji wa nyumba za bei nafuu, yani fikiria, wapangaji! Baadaye Plantard akataka kuonekana ana damu ya wafalme wa zamani, wakatengeneza nyaraka na wenzake, wakazipeleka wenyewe kwenye maktaba ya taifa Paris miaka ya 60, alafu watu "wakazigundua". Mwenzake, Philippe de Chérisey, alikuja kukiri kwamba maandishi ya ngozi yaliyodaiwa kuwa ya kale ni kazi yake. Ni kama mtu achonge sanamu nyumbani kwake, aifukie shambani kwa jirani, kesho yake apige kelele njooni muone nimefukua mali ya kale.

Na hayo majengo sahihi, chukua hili moja tu: kitabu kinasema piramidi ya kioo ya pale Louvre ina vioo 666 kamili. Louvre wenyewe wanahesabu 673. Vioo saba sio vingi lakini aliyeapa ni yeye, mimi sikumwapisha.

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, Kibosho. Binti yangu wa chuo kaja nacho likizo, sasa kila jioni ananiambia mama mmedanganywa, Magdalena hakuwa kahaba, alikuwa mke. Nimuanzie wapi huyu?*

Milele amina mama. Muanzie kwenye sehemu aliyopatia, maana nusu kapatia. Fungua Luka 8, utakuta Magdalena ametolewa pepo saba na yuko kwenye kundi la wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Ukahaba hakuna. Yule mwanamke mwenye dhambi aliyepaka miguu mafuta yuko Luka 7, hana jina. Aliyewaunganisha ni Papa Gregori Mkuu kwenye mahubiri ya mwaka 591, na kuanzia hapo mama wa watu akabeba jina hilo miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu bila kosa, mimi hilo linaniuma kuliko kitabu chochote. Mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, Julai 22, kuwa sikukuu kama za mitume, kwa sababu kwenye Yohana 20 ndiye wa kwanza kumuona Mfufuka.

Sasa hapo kwenye mke. Kitabu kinategemea Injili ya Filipo, moja ya maandishi yaliyopatikana Nag Hammadi, Misri, 1945. Mule kuna mahali wanamuita Magdalena mwenza wa Yesu, na riwaya inasema kwa Kiaramu neno hilo maana yake ni mke, ila ile nakala ya Injili imeandikwa Kikopti, lugha ya kale ya Misri, sio Kiaramu. Na pale panaposema alikuwa akimbusu kwenye... hapo mafunjo yametoboka. Kweli kabisa, kuna tundu. Mdomo, shavu, mkono, kila msomi anajaza lake. Nilipolijua hilo nilikumbuka karanga zangu nikacheka peke yangu. Muulize binti, yeye kwenye hilo tundu ameweka nini na kwa nini.

*Asalaam aleykum bi mkubwa. Mi niko Arusha, Ngarenaro. Kwenye mihadhara tunasikia sana kwamba Konstantino ndiye aliyeitisha watu Nikea 325 wakapiga kura Yesu awe Mungu, na hiki kitabu kinasema hivohivo na kwamba kura zilikaribiana. Je ni sawa?*

Waaleykum salaam kaka yangu. Mkutano upo, mwaka upo, na Konstantino kweli ndiye aliyeuitisha. Ila walichobishania ni mafundisho ya padri mmoja wa Aleksandria, Ario, aliyesema Mwana ameumbwa, kwamba kuna wakati hakuwepo. Hata huyo Ario hakuwa anasema Yesu ni mtu wa kawaida tu. Na kura hazikukaribiana, maaskofu waliogoma hadi mwisho kukubali ile imani ni wawili, kati ya zaidi ya mia mbili. Alafu kuna barua ya gavana wa Kirumi, Plinio, kama mwaka 112 hivi, anamuandikia mfalme wake kwamba Wakristo wanaamka kabla ya jua kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni miaka mia mbili na zaidi kabla ya Nikea, na Plinio hakuwa Mkristo, alikuwa anawahukumu. Kaka, wewe na mimi kuhusu Nabii Issa hatutakubaliana na chai tutakunywa vilevile, ila tukibishana tubishane na Luka na Yohana na Qur'ani, hii riwaya tuiache kando, haimsaidii yeyote kati yetu.

*Habari shangazi. Mi ni dada mwenye ualbino, nakaa Sakina. Watu wote wanagombania Yesu kaoa hajaoa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimejisikiaje kusoma muuaji wa kitabu kizima ni mtu kama mimi.*

Dada yangu, barua yako nimekaa nayo siku nne. Nilikisoma chote, yule Silas nilimuona, na nikapita. Kanipita hivihivi kama kiti. Nimerudi kusoma kurasa zake zote tena na safari hii nilikuwa nasoma na wewe pembeni, nikaona anavyoelezewa, ngozi kama mzimu, macho mekundu, kila akiingia mlangoni ngozi yake ndio inatangulia kututisha kabla hajafanya lolote. Na kinachonishangaza, huyo mtu anaendesha gari usiku na analenga shabaha gizani, wakati wewe na mimi tunajua watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, darasani ulikuwa unakaa mbele na bado unaomba daftari la jirani. Yani mtu aliyehesabu vioo vya Paris kashindwa kuuliza hilo.

Huko Marekani chama cha watu wenye ualbino kililalamika filamu ya hicho kitabu ilipotoka 2006. Ila huko waliumia heshima. Kwetu hapa Tanzania ni jambo lingine, sisi tumezika watu, watoto walikatwa viungo kwa sababu kuna wajinga walioambiwa ngozi hiyo sio ya binadamu wa kawaida, na watoto wengine ilibidi wapelekwe shule za bweni ili tu walale salama. Wakati hapahapa Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi, walianza kutengeneza mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua, nimeona mama amebeba mtoto mgongoni anampaka mkono mmoja mmoja kivulini, taratibu, nyuma ya masikio, kwenye midomo, hadi katikati ya vidole. Huo ualbino ndio ninaoujua mimi. Wa kitabu siujui.

Ule ukurasa wa kwanza nimeshauona sasa, rafiki kaniazima nakala nzima. Umeapa kuhusu michoro, majengo, nyaraka na ibada za siri. Kuhusu mtu haukuapa kitu. Samahani dada, mimi pia nilipaswa kuliona kabla hujaniandikia.

*Shangazi, eti kwenye Karamu ya Mwisho aliyekaa karibu na Yesu ni mwanamke? Nimeangalia ya sebuleni kwetu naona kweli.*

Ya sebuleni kwenu si ni ile ya zulia la ukutani, ya soko la Mbuyuni, yenye shanga za dhahabu pembeni? Mwanangu kwenye lile zulia hata Petro ni mwanamke, hata mkate una macho. Mchoro wenyewe Leonardo da Vinci aliuchora ukutani Milano kati ya 1495 na 1498, juu ya plasta kavu, ukaanza kubanduka yeye mwenyewe akiwa hai. Yule ni Yohana, wachoraji wa Firenze walizoea kumchora kijana bila ndevu. Na kama sio Yohana basi mtafute Yohana yuko wapi, maana viti vimeisha.

*Nakihitaji hicho kitabu shangazi ila sina hela. Pia katekista wetu kasema kukisoma ni dhambi.*

Ile orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Vatikani ilifutwa 1966. Ni kweli 2005 Kardinali Bertone aliwaomba Wakatoliki wasikinunue wala wasikisome, sasa wewe kununua hutanunua, nusu umeshatii. Njoo Jumamosi baada ya saa nane. Kile kizima cha rafiki nilisharudisha, nitakupa changu, kianzie hapo mzee anapokimbia.